Mshale wa oili na pikapu ya samaki

Ile taa nyekundu kwenye dashibodi, yenye picha ya kopo la mdomo mrefu na tone linalodondoka, watu huichukulia kuwa ni onyo. Mimi naiita tangazo la msiba. Swichi inayoiwasha, kwenye magari mengi, hungoja mpaka presha ya oili ishuke hadi baina ya psi (pauni kwa inchi mraba) 3 na 7 hivi. Injini inayoenda kasi ya barabarani kwa presha hiyo imeshaanza kujitafuna. Uko kati ya Gede na Kilifi, umebeba mzigo, taa inawaka, unatazama kioo, unatafuta pa kuegesha pasipo na shimo, na muda huo wote beringi zinasuguana chuma kwa chuma. Ukizima injini, mara nyingi imeshanoki, yaani imeshakufa.

Hii ndiyo sababu niliamua kufunga geji ya oili, ile ya kizamani isiyotumia umeme, kwenye pikapu yangu. Ni Hilux ya dizeli ya miaka ya themanini, injini ya Toyota iitwayo 2L. Kaunta yake ya kilomita ilikufa kabla sijainunua, na aliyeniuzia hakuona haja ya kunipa makadirio. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kutengenezwa, kwa hivyo vyuma vya aina hii havina wenzao wapya wanaokuja; tulivyo navyo ndivyo hivi, na kazi ni kuviweka hai. Hiki changu huchukua samaki Ngomeni kukicha na kuwaleta mjini Malindi kabla barafu haijayeyuka. Ngomeni ndiko Waitaliano walikokuwa wakirusha roketi kutoka majukwaa ya San Marco baharini. Satelaiti iliyoitwa Uhuru iliondokea hapo tarehe 12 Desemba 1970. Majukwaa ukiwa ufukweni wayaona. Na mimi nilikuwa napita na gari ambalo sikujua hata lina presha gani ya oili.

Kwanza tuelewane kuhusu presha yenyewe, maana hapa ndipo wengi hukosea wanaposoma mshale. Pampu ya oili haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma oili tu. Presha inatokana na oili kukataliwa njia: inalazimishwa kupenya kwenye uwazi mwembamba baina ya kranki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, na beringi, uwazi wa sehemu chache za mia za milimita, na kwa kuwa haipiti kirahisi, inajaa nyuma na kusukumana. Uwazi ukipanuka kwa kulika, oili inatoroka kwa urahisi na presha inashuka. Oili ikipata moto na kuwa nyepesi, inatoroka vilevile. Injini ikienda kasi, pampu inaleta oili nyingi zaidi na presha inapanda, mpaka ifike kiwango ambacho valvu ya kupunguza presha inafunguka na kuirudisha oili ya ziada kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini.

Kwa hivyo mshale mmoja unabeba habari tatu kwa wakati mmoja: kasi ya injini, joto na uzito wa oili, na uchakavu wa ndani. Anayetazama namba bila kujua injini iko mwendo gani na oili ina moto kiasi gani, hajasoma kitu. Nitalirudia hili nikifika kwenye kusoma.

Kwa nini nisifunge geji ya umeme, ambayo haipitishi oili ndani ya gari? Sababu yangu ni chumvi. Nyinyi wa Nairobi mnaweza kuamini waya. Sisi wa pwani upepo wa baharini unakula kila kitu chetu. Geji ya umeme hutegemea kipimo kilichofungwa kwenye injini, na kipimo hicho hutegemea negativi inayopitia kwenye bodi. Pale injini inapoungana na bodi, na bodi inapoungana na betri, kuna bolti zinazoota unga wa kijani na kutu. Mkondo ukipata kizuizi hapo, mshale unasema uongo, na unausema kwa utulivu kabisa. Taa ya oili nayo iko vivyo hivyo: negativi ikioza, haiwaki hata presha ikiwa sifuri. Kama unaendesha gari kuukuu huku kwetu, kila ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini hakikisha taa hiyo inawaka. Isipowaka pale, haitawaka siku ya kiama cha injini.

Geji isiyo ya umeme haina habari na betri. Ndani yake mna bomba dogo la shaba lililobanwa likawa bapa na kupindwa mviringo. Mfaransa Eugène Bourdon ndiye aliyelisajili wazo hilo mwaka 1849, na mpaka leo halijapata mpinzani wa kweli. Oili ikiingia kwa nguvu, bomba linajaribu kunyooka, kama yale mapuliza ya karatasi wanayonunuliwa watoto sikukuu ya Idi, yanayojikunjua ukiyapuliza. Ncha ya bomba ikisogea kidogo inavuta kijiti, kijiti kinazungusha gia ndogo, gia inazungusha mshale. Basi. Hakuna zaidi ya hapo.

Yangu niliipata kwa muuza spea za mtumba, kioo kimekwaruzika, uso una duara mbili: psi nje, kilo kwa sentimita mraba ndani. Kilo moja hapo ni psi 14 na kidogo, na bar moja ni psi 14.5, kwa hivyo kwa matumizi ya barabarani bar na kilo ni kitu kimoja. Geji ya mtumba usiifunge kabla ya kuipima. Nenda kwa fundi wa pancha. Mwombe kipande cha valvu ya tyubu, kifunge kwenye bomba la geji kwa klipu, kisha mjaze upepo. Yeye ana geji yake ya kupimia tairi, wewe una yako. Muweke 20, 40, 60, mtazame kama zinakubaliana. Yangu ilikuwa juu kwa psi 2 hivi kotekote. Hilo halinisumbui, kwa sababu kosa lisilobadilika si kosa la kutisha. Geji ya kutupa ni ile inayokwama njiani, au isiyorudi sifuri upepo ukitolewa.

Fundi wangu ni mzee aliye na gereji ya jua kali upande wa Kisumu Ndogo, chini ya mwarobaini. Nilipompelekea ile geji aliigeuzageuza.

"Wataka geji ya nini, mwanangu? Taa si iko?"

"Mzee, taa yangoja mpaka injini ife."

"Na hii je? Itaizuia isife?"

"Haizuii. Lakini nitajua kabla."

Alicheka, akasema watu wakishafunga geji hawalali tena, kazi yao ni kumletea gari kila mshale ukitikisika. Alikuwa na haki. Lakini alinyanyua boneti.

Swichi ya taa imefungwa kwenye injini karibu na filta, na tundu lake ndilo tunalolitaka. Hapa ndipo penye mtego mkubwa wa kazi nzima, nao ni thredi, yale meno ya kufungia. Toyota na Wajapani wengi hutumia thredi ya BSPT, kipimo cha Kiingereza cha mabomba, ya robo ya nusu inchi, yaani moja ya nane. Geji nyingi za dukani, hasa zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, huja na thredi ya NPT, kipimo cha Kimarekani, ya moja ya nane. Ukiziweka mkononi hutaona tofauti. Ya Toyota ina meno 28 kwa inchi na pembe ya nyuzi 55. Ya Kimarekani ina meno 27 na pembe ya nyuzi 60. Ukiingiza moja ndani ya nyingine itakubali mizunguko miwili au mitatu kwa vidole, itakaza, na utadhani mambo ni sawa. Ukiongeza nguvu kwa spana, unaharibu thredi ya injini yenyewe, na huyo si mgonjwa wa kumtibu kwa tepu. Njia salama ni kuichukua swichi ya zamani, kuifuta vizuri, na kuibana thredi kwa thredi na ile nyingine mbele ya mwanga: meno yakilala ndani ya mwenzake urefu wote, ni ndugu, mwanga ukipenya katikati, sio. Kuna vipande vya kubadilisha kutoka aina moja hadi nyingine. Sisi tulikipata Mombasa kwenye duka la mabomba ya hidroliki, kwa sababu Malindi kila tuliyemuuliza alituambia zote ni moja.

Taa sikuiondoa. Huu ni ushauri ninaoushikilia: usitoe swichi ya taa ili uweke geji. Weka T ya shaba, kiungo cha njia tatu, upande mmoja swichi, upande mwingine bomba la geji. Mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja, na baadaye utaona kwa nini. Lakini T usiifunge moja kwa moja kwenye injini na kuiacha ining'inie na swichi yake. Dizeli inatetemeka, uzito wa ile T unayumba mchana kutwa, na shingo ya shaba inachoka mpaka inakatika, kisha oili yote inamwagika barabarani kwa sababu ya kifaa ulichofunga ili kulinda oili. Tulitengenezesha kipande kifupi cha bomba la hidroliki lenye wavu wa chuma, likatoka kwenye injini hadi kwenye bodi, na T tukaifunga kwenye bodi kwa bamba. Ukifanya hivyo kumbuka kwamba swichi ya taa yenye waya mmoja hupata negativi kupitia mwili wake. Ikishahama kutoka kwenye injini inahitaji waya wake wa negativi. Mzee alikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya, akapaka grisi juu kuzuia chumvi.

Kwenye thredi tulizungusha tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, tukaacha meno mawili ya mbele wazi. Kipande cha tepu kikikatika na kuingia ndani, kinaweza kwenda kuziba kile kitundu kidogo cha geji, na mshale ukawa mvivu usijue kwa nini.

Kutoka kwenye T hadi ndani, bomba ni la nailoni au la shaba nyembamba. Wanabishana sana kuhusu hili. Shaba haiogopi moto lakini inachukia kutetemeshwa. Inakakamaa na mwishowe inapasuka, kwa hivyo ukiitumia ipinde mizunguko miwili mitatu karibu na injini ipate kucheza. Nailoni inacheza vizuri, ila ikigusa egzosti inayeyuka. Mimi nilichagua nailoni na kuipitisha mbali na egzosti, upande wa pili kabisa, imefungwa kwa vibano kila baada ya shubiri. Tundu la kupitia kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva liwe na mpira. Chuma kitupu kitalikata bomba polepole. Nati ndogo yenye pete ya shaba kwenye ncha ya bomba hukazwa kwa vidole, kisha nusu mzunguko kwa spana. Anayeikaza kama nati ya gurudumu anaiponda pete, na itavuja.

Kuhusu kuvuja: ndiyo, bomba lenye oili ya moto linaingia chumba cha dereva, na likikatika litakumwagia miguuni. Hii ndiyo aibu ya geji ya namna hii na siwezi kuificha. Ndani ya dashibodi la kwangu mna bolti ndogo ya kuzibia ile T, ya thredi sahihi, imefungwa kwenye kitambaa pamoja na spana yake. Mtu anayefunga geji hii bila kubeba kizibo amefanya nusu ya kazi.

Injini ilipowaka mshale ulisimama sekunde kidogo, kisha ukapanda hadi 65 na kukaa. Vijana wa gereji walishangilia. Hiyo 65 haina maana kubwa. Oili ikiwa baridi ni nzito, na mshale unakuonyesha tu valvu ya kupunguza presha ilipowekwa. Injini mbovu nayo hufika hapo asubuhi. Anayetaka kukuuzia gari lililochoka atakuita alfajiri, injini ikiwa baridi, akuonyeshe mshale juu. Wengine wanamwaga oili ya kawaida na kutia iliyo nzito kupita kiasi, pamoja na ule uji wa kopo unaouzwa kama dawa ya injini. Wengine wanaweka washa, kile kipete bapa cha chuma, nyuma ya springi ya ile valvu ya kupunguza presha. Washa hiyo inainua dari tu. Presha ya injini moto ikinguruma taratibu haiguswi nayo, kwa sababu pale valvu imeshafunga zamani. Kwa hivyo ukinunua gari lenye geji, liendeshe nusu saa, usimame, uache injini ingurume taratibu, ndipo utazame.

Na nusu saa nasema kwa makusudi. Mshale wa maji hufika katikati mapema, lakini oili huchelewa sana nyuma ya maji. Ukisoma presha maji yalipopata moto tu, unasoma oili ambayo bado ina uvuguvugu.

Sasa narudi kwenye zile habari tatu. Ukitaka kusikia moja, shika mbili zisibadilike. Pikapu yangu haina geji ya mizunguko ya injini, kwa hivyo kasi naishika kwa gia na mwendo: gia ya nne, kilomita 80, kwenye kipande kilichonyooka baada ya daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, wakati wa kurudi kutoka safari ndefu ya kusini, oili imeshapata moto wa kutosha. Mahali pale pale, mwendo ule ule, oili ya aina ile ile, 15W-40. Hapo mshale unasimama kwenye 45. Nikifika Gongoni na kusimama, injini ikinguruma taratibu, ni 15. Hizo mbili ndizo namba za gari langu. Kitabu cha Toyota cha injini hizi kinaridhika na psi 4 hivi injini ikinguruma taratibu, na kinataka zisipungue 36 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika. Kuna na kanuni ya mafundi wa zamani ya psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Zote ni nzuri za kuanzia, lakini hazilijui gari lako. Inayolijua ni ile ya mwezi uliopita.

Njia ya mchanga kutoka Gongoni hadi Ngomeni ilinifunza mengine. Pale unakwenda gia ya pili, injini inalia, upepo hauingii, na oili inapata moto kuliko hata ukiwa safari ya Mombasa. Ukitoka mchangani mshale uko chini kwa psi 5 au 6 kuliko kawaida yake. Mara ya kwanza lazima utishike. Ukipata lami na upepo unarudi wenyewe. Huo ni wepesi wa oili tu.

Mshale ukishuka ghafla unapokata kona au kufunga breki, kisha ukarudi, usifikirie beringi. Tazama kijiti cha oili. Oili imepungua, inakimbilia upande mmoja wa sampu, na pampu inavuta hewa. Mshale ukichelewa kupanda kila asubuhi, ile sekunde ikawa nne au tano, tazama filta. Ndani ya filta nzuri mna kipande cha mpira kinachozuia oili isirudi chini gari likilala. Filta za bei ya kutupa zina mpira mgumu au hazina kabisa, na injini inaanza siku ikiwa kavu. Mshale ndio ulionifanya niache kununua filta kwa kutazama boksi.

Mshale ukianguka sifuri ukiwa barabarani, hapo ndipo wale mashahidi wawili wanapofaa. Taa nayo ikiwaka, zima injini hapo hapo, hata kama uko katikati ya daraja, na usiiwashe tena mpaka ujue sababu. Taa isipowaka, na miguu yako haijamwagikiwa, basi huenda geji au bomba lake ndilo lenye tatizo. Bado utasimama, lakini utasimama bila kutetemeka.

Kushuka kwa pole pole ndiko kunakohitaji subira. Mwaka huu ile 15 yangu ya Gongoni imekuwa 11, na ile 45 imekuwa 40. Swali la kwanza lilikuwa dizeli: nozo ikivuja, mafuta yanashuka kwenye oili na kuifanya maji. Nilivuta kijiti nikanusa, nikatazama kama oili imezidi badala ya kupungua, haikuwa hivyo. Tukabadilisha oili na filta kwa pamoja, aina ile ile, nikapita Sabaki tena. Arobaini. Tukafunga geji nyingine ya mzee kwa dakika chache kuthibitisha kwamba yangu haijachoka. Ikasema yale yale.

Basi ni beringi. Injini bado haijaanza kugonga, na kwa namba za kitabu bado iko salama, lakini mzee anasema tusingoje sauti. Kusi likishika, bahari ikichafuka na mashua zikipunguza kutoka, pikapu haitakuwa na kazi nyingi, na hapo tutashusha sampu. Beringi sitazinunua mapema. Kranki inapimwa kwanza, maana za saizi ya kawaida na za 0.25, zile za kranki iliyochongwa robo milimita, hufanana kabisa ndani ya boksi, na maduka ya spea hayarudishi pesa.